Nilipigwa Picha Badala ya Mama

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mihogo iliyopigwa na upepo, na mahali penye r huenda nimeweka l, kwa sababu kwetu tunapozungumza herufi hizo mbili ni ndugu, hazigombani. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, kila mstari nikiusema kwanza moyoni, na hata hivyo nafuta. Atakayenisoma anivumilie. Jambo hili sijawahi kulisimulia kwa mdomo likafika mwisho. Kila nikianza, aibu hunikuta katikati, nikanyamaza.

Kijiji chetu kiko kati ya Mahurunga na Kitaya, upande wa Mto Ruvuma. Barabara ya kwenda mjini Mtwara ilipita mbele ya nyumba yetu, barabara ya mchanga, na wakati wa masika magari yalikwama mlangoni kwetu hasa. Abiria walishuka, wakasukuma, kisha wakanunua korosho za kukaanga kwa mama wakati dereva anapumua. Mama alikuwa na meza ya miti pale ukingoni. Aliuza korosho, na katika miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa, aliuza ming'oko ya kuchemsha. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi myembamba ya porini. Haipandwi. Unaichimba ardhini kwa jembe na subira, unaichemsha, unaila kwa chumvi. Yetu ilikuwa katika kichaka nyuma ya mikorosho, na bibi mzaa mama alikataza kichaka hicho kisichomwe moto wakati wa kusafisha shamba. Mwaka wa njaa watu walikuwa wanabisha hodi kwetu kuomba ruhusa ya kuchimba.

Shamba lilikuwa la mama. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoleta shida yote. Sisi ni Wamakonde, na kwetu ardhi hufuata tumbo. Mama aliachiwa na bibi, naye bibi aliachiwa na mamaye. Baba alipomuoa mama alihamia kwake, akajenga nyumba ya fito na udongo, na mikorosho wakaipanda pamoja. Hata baba mwenyewe, akiulizwa na wageni, alikuwa akisema, "Mimi hapa nimekaribishwa," huku anacheka.

Baba alifariki wakati maneno ya barabara mpya yameanza kupita. Homa ilimchukua upesi. Tukamzika, na mama akaingia eda.

Mjane aliye katika eda kwetu huitwa kizuka. Hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatembei ovyo, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni wala hazungumzi naye. Siku hizi wapo wanaokaa nusunusu, asubuhi kizuka, mchana sokoni. Mama hakukaa hivyo. Alijifunga shuka jeupe akakaa chumba cha ndani, dirisha akaliwekea pazia la kanga, akaniambia kwamba baba yangu hakumvunjia heshima hata siku moja, na yeye hatamvunjia. Mimi, mtoto wake pekee aliyebaki nyumbani baada ya kaka zangu kwenda mbali kutafuta maisha, nikawa miguu yake. Nilichota maji, nikauza mezani, nikapokea wageni. Kuuza sikukuweza sana. Mteja akisema bei kubwa, nilipunguza kabla hajamaliza kusema.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba watu wa barabara wanakuja kupima. Barabara itapanuliwa na kuinuliwa, na mashamba yaliyo kandokando yatachukuliwa, lakini kila mtu atalipwa fidia kwa mali yake. Kila mwenye shamba asimame kwenye shamba lake, asubiri. Mama alisikia kutoka ndani. Mwenyekiti alipokwisha kwenda, akaniita pazieni.

"Utasimama wewe," akasema. "Wakiuliza, waambie mwenye shamba yuko eda."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye angepaswa kuwa mdomo wetu siku hiyo. Lakini alikuwa Kitaya, mpunga wake umeiva na ndege wameuvamia, akatuma mtu kusema kwamba akitoka shambani hata siku moja atakuta mabua. Tukaona si neno. Jambo lenyewe la kusimama tu.

Walikuja asubuhi, na gari, kamba ya kupimia na kopo la rangi nyekundu. Mkubwa wao alikuwa mthamini, mtu wa bara, mpole, na msalaba mdogo shingoni. Jasho lilimtoka na kila mara alijifuta kwa leso. Alikuwa na kijana wa kumsaidia, aliyeshika ubao mdogo mweusi na chaki. Walianza kwa kuchora alama ya X ukutani, juu ya mahali ambapo baba alikuwa anaegemeza baiskeli. Halafu mthamini akaniuliza mwenye shamba nani.

Nikasema yupo ndani.

Akasema aje. Nikasema hawezi kutoka. Akauliza kama anaumwa. Nikasema haumwi. Hapo neno eda lilikuwa kwenye ulimi wangu, nalihisi, lakini niliona kwamba nikilitoa nitakuwa nimemtoa mama nje kwa mdomo wangu, wanaume wale waanze kumfikiria, kizuka, mle ndani katika shuka lake. Nikatazama chini. Yule kijana wa chaki akamwambia mwenzake mwenye kamera kwamba labda hakuna mtu ndani, binti ana shamba lake anaogopa kodi. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mwenyekiti aliyewaleta angeweza kunisaidia, ila alikuwa ametangulia nyumba ya mbele kufunga mbwa.

"Basi nipe jina lake niandike," mthamini akasema.

Naomba mnielewe hapa, hasa mliokulia mahali pengine. Mimi nililelewa kwamba mtoto hatamki jina la mzazi wake mbele ya wageni. Unasema mama, unasema baba, imetosha. Hata nilipokuwa shuleni mwalimu aliponiuliza jina la mama ili aandike kwenye daftari lake, nilimwandikia kwenye kiganja changu nikamwonyesha. Sasa jina la mama, tena akiwa kizuka, nilitangaze barabarani kwa wanaume wenye viatu vya mvua? Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mthamini akasubiri. Akajifuta jasho. Nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi na jua limepanda.

"Haya, wewe jina lako nani, dada?"

Langu nililisema. Lilitoka kwa urahisi kabisa.

Kijana akaliandika kwenye ubao kwa chaki, na namba chini yake, akanipa niushike kifuani. Wakanisimamisha mbele ya nyumba, penye X. Mpiga picha akaniambia niinue uso. Nikauinua kidogo, akapiga.

Kisha wakazunguka shamba na mimi nawafuata nyuma kama mgeni. Mthamini alikuwa mtu wa kuuliza. Mkorosho huu unazaa vizuri? Nikasema kidogo, maana kwetu anayesifu mti wake mwenyewe anautafutia kijicho. Na huu? Kidogo. Kisima hiki cha nani? Cha wote, nikasema, kwa kuwa majirani wote walichota, ingawa baba ndiye aliyekichimba. Tukafika kwenye kichaka cha ming'oko. Akakipiga teke kidogo na ncha ya kiatu.

"Na hili pori?"

"Ni kichaka tu," nikasema.

Chumba cha mama dirisha lake liliangalia upande huo. Pazia halikutikisika.

Walipoondoka niliingia ndani nikakaa mlangoni. Mama aliuliza kama wameandika. Nikasema wameandika. Aliniangalia kidogo, kisha akaniambia nikachote maji kabla jua halijazidi kuwa kali.

Eda ilikwisha. Mama akaoga, akavaa nguo zake, akarudi mezani kwake. Hakunigusia habari ile, nami nilianza kuamini kwamba imepita, mpaka majina ya watakaolipwa yalipobandikwa nje ya ofisi ya kijiji na watu wakaenda kusoma. Mimi sikwenda. Habari zilinifuata kisimani. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ni mtani wetu wa ukoo, na mtani hana breki. Aliniona nainama kuvuta maji, akatua ndoo yake, akapiga goti mbele ya wanawake wote.

"Shikamoo, mwenye shamba," akasema. "Mbona unachota mwenyewe? Mfanyakazi wako yuko wapi? Au ni yule aliyekuzaa?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Utani hauna kosa, na mtani hakasirikiwi. Nilicheka nao. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, na mama alikuwa ameshaambiwa, kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia mno.

Hakunigombeza. Ningepigwa kofi ningepona mapema. Alisema tu kwamba mjomba aitwe.

Wiki zile watu walikuja kwetu kwa adabu mpya. Walinisalimu mimi kwanza. Hata mshenga alifika, mzee mmoja na kikohozi chake, akasema ametumwa na kijana fulani mwenye baiskeli ambaye zamani akinipita alikuwa hanioni. Mama alimpa maji ya kunywa, akamwambia amrudishie yule kijana salamu, na amweleze kwamba shamba limeshachumbiwa na barabara. Mshenga alicheka, akaenda zake. Mama naye alicheka kidogo. Nilitamani niingie chini ya mkeka.

Mjomba alikuja amekasirika, na hasira yake nusu alijikasirikia mwenyewe na ndege wake. Alikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia kwamba yeye anajua shamba ni la nani, kijiji kizima kinajua, lakini karatasi zimeshakwenda mjini na picha ndani yake ni yangu. Kubadilisha kunawezekana. Itabidi wahusika waende mjini, waape, mashahidi waende, na malipo ya jina hilo yawekwe pembeni mpaka lisahihishwe, na pengine wakati huo wenzetu watakuwa wameshalipwa na wameshasahau. Nauli za mashahidi ni zetu. Mjomba alirudi akasema hayo kwa sauti ya chini. Mama akasema hataki kuwekwa pembeni. Msimu wa kulima ulikuwa unakuja na hatukuwa na pa kulima.

Jioni ile alipita mwalimu wa madrasa, aliyemzika baba. Mjomba akamsimulia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Kizuka hutoka kwa dharura," akasema. "Angejifunika vizuri, akasimama mlangoni na mtoto wake, akajibu alichoulizwa, akarudi ndani. Haikuwa na ubaya wowote. Mbona hamkuniuliza?"

Nyumba yake iko mbele kidogo ya kisima, ningefika na kurudi kabla chungu hakijachemka. Mama alikuwa anachambua mchele. Vidole vyake viliendelea, lakini niliona anatupa mchele mzuri pamoja na mawe.

Siku ya malipo tulikwenda ofisi ya kata sisi watatu. Mama alivaa doti yake mpya, mjomba koti. Watu walikuwa wengi wamekaa nje, na waliitwa mmoja mmoja. Lilipoitwa jina langu tuliinuka wote. Ndani kulikuwa na meza, nyuma yake karani, na pembeni amekaa yule mthamini mpole mwenye leso. Mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja.

Mjomba alianza kueleza. Alikuwa amejipanga, amekuja na maneno mazuri kutoka Kitaya. Karani akafungua faili, akaangalia picha, akaniangalia mimi.

"Mzee, mwenye mali ndiye huyu," akasema. "Mwenye mali aketi. Wengine mnaweza kusubiri nje."

Mimi kwetu sijawahi kukaa kwenye kiti mama akiwa amesimama. Kiti kikiwa kimoja ni cha mama. Asipokuwepo mama, ni cha mkubwa yeyote aliyepo, nami nakaa mkekani. Nilimwangalia mama. Karani akagonga meza kwa kalamu yake, kwa kuwa nje watu walisubiri. Nikakaa. Nilikaa ukingoni kabisa mwa kile kiti, lakini nilikaa, na mama alikuwa nyuma yangu, na nilisikia kanga zake zikisugua mlango.

Hakutoka nje. Alibaki pale kizingitini akamwambia yule mthamini, bila kupandisha sauti:

"Bwana, siku ile nilikuwa ndani. Kila ulichouliza nilikisikia. Kila swali nilikuwa na jibu lake."

Mthamini akageuka. Nadhani alikuwa hajamwona vizuri.

"Mbona hukujibu, mama?"

"Nilikuwa eda. Ungekuja na mwanamke, angeingia ndani, ningemjibu."

Karani aliacha kugonga. Mama akaendelea, akamweleza kwamba kisima alikichimba mumewe na majirani walichota kwa hisani yake. Kwamba mikorosho niliyoiita kidogo ndiyo iliyowasomesha kaka zangu. Na kwamba kile alichokipiga teke si pori, ni ming'oko, na mwaka wa njaa kijiji kilikula pale. Alisema yote hayo taratibu, kama anayehesabia mteja bidhaa.

Mthamini alijifuta uso. Akasema, na namshukuru kwa kutosema uongo, kwamba ming'oko haijui, kwao haipo, na hata angeijua haimo katika mazao aliyopewa bei zake. "Lakini kisima ningekiandika," akasema. "Na miti ningeiandika vingine. Niliandika nilichoambiwa, mama."

"Najua," mama akasema. "Nilikuwa nasikia."

Akatoka nje.

Nilitia saini yangu, ile niliyojifunza shuleni, kubwa kuliko nafasi yake. Nilipotoka watu walinipisha njia. Mama alikuwa amekaa na wanawake wengine, ameshaanza kuzungumza nao habari za mbegu. Aliniuliza kama nimekunywa maji.

Fedha zenyewe hawakutupa mkononi. Walitoa hundi, na hundi ikataka tufungue akaunti benki mjini Mtwara, nayo kwa jina langu, na picha yangu tena. Tulipanda lori la korosho. Kule benki mlinzi alinifungulia mlango, na mama akaingia nyuma yangu ameshika mfuko wangu wa nguo, na mlinzi akamuuliza anamfuata nani. Sitaki kuieleza sana siku hiyo. Nitasema tu kwamba mama alinunua chapati mbili kwa fedha zake mwenyewe alizofunga kwenye pindo la kanga, akanipa kubwa.

Mjomba alitutafutia shamba lingine. Karibu na barabara hakukuwa tena na mtu anayeuza. Alilolipata liko ndani, mbali na barabara, mchanga mtupu, na mikorosho michache iliyochoka ambayo mwenyewe, mzee mmoja aliyehamia kwa mwanawe, alikuwa ameacha kuipulizia salfa ya kuzuia ugonjwa. Tulikwenda siku ya kuandikiana. Palikuwa na mwenyekiti wa kule, mashahidi wa muuzaji, mashahidi wetu, wote wanaume isipokuwa mama na mimi. Mwenyekiti akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika kichwa cha habari, akamwandika muuzaji. Kisha akainua kalamu.

"Mnunuzi?"

Wote waliniangalia mimi. Kwao haikuwa na mashaka. Fedha ni zangu, zimetoka benki kwa saini yangu, habari ilishafika hata huko ndani. Mjomba alifungua mdomo, na muuzaji akamwahi, akasema yeye anauza kwa mwenye fedha, hataki baadaye watu wamwambie alimuuzia mtu mwingine. Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Akaniambia nitaje jina linaloandikwa, nilitaje mwenyewe, mashahidi wasikie.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu mkekani, anaangalia kucha zake. Hakunigusa wala hakunikonyeza. Nadhani hata yeye alikuwa amekubali. Angelima shamba la mwanawe, wapo wanaoishi hivyo.

Nikalitaja. Jina la mama, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi, kwa sababu ilikuwa kubwa kupita kiasi na kuku wakakimbia. Mashahidi wa muuzaji wakatazamana. Kule nako wanajua adabu. Walijua nimefanya nini. Mjomba akakohoa. Mama akavuta kanga yake mpaka usoni. Mwenyekiti akaniuliza mara ya pili, ili awe na hakika, na mimi nikalitaja mara ya pili. Akaliandika. Mama akaweka kidole gumba.

Tulirudi kwa miguu. Mjomba alitangulia mbele. Nilimfuata mama nyuma kwa muda mrefu, naye hakugeuka, mpaka nikaanza kufikiri nimemkosea mara mbili, mara ya kwanza kwa kutolisema jina lake na mara ya pili kwa kulisema. Kisha akasema:

"Kumbe jina langu unalijua lote."

Basi. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananisifu au ananisuta, na sijathubutu kumuuliza.

Sasa tunaishi kule ndani. Miche ya mikorosho tuliyopanda bado inanifika kiunoni, na mkorosho hauna haraka. Korosho za kukaanga mama huzibeba kichwani mpaka barabarani, akakaa chini, kwa maana meza hairuhusiwi karibu na tuta la barabara. Siku hizi magari hayakwami. Yanapita upesi, vumbi linamfunika. Ming'oko, tukiitaka, tunaomba ruhusa kwa watu, kama watu walivyokuwa wanaomba kwetu. Kile kichaka kimelala chini ya kifusi, na kisima pia.

Sisemi kwamba barabara ni mbaya. Mke wa mjomba aliposhikwa na uchungu akashindwa kujifungua, gari lilimfikisha hospitali ya mjini akiwa hai, na mtoto yupo, anatembea. Mimi mwenyewe nilimsindikiza. Nilifurahia jinsi gari lilivyoteleza, mpaka tulipofika pale palipokuwa kwetu. Nikageuza uso nikaangalia upande wa pili.

Sisemi pia kwamba tuliibiwa. Walilipa walichokiandika. Walichokiandika ni nilichowaambia, na nilichowaambia ni kidogo, kidogo, cha wote, kichaka tu. Lakini huwa najiuliza. Kama mali ya mtu inathaminiwa kwa maneno ya atakayesimama nje, basi mwenye aibu atalipwa kidogo kuliko msemaji, na aliye ndani hatalipwa kabisa. Nikifika hapo akili yangu ya darasa la saba inasimama. Sijui haki yenyewe ingekaaje. Pengine wangesubiri eda iishe. Pengine wangetuma mwanamke na kalamu yake, akakaa na mama chumbani, wakanywa chai, akayapata majibu yote. Au pengine ni sisi tungemuuliza mwalimu.

Ndiyo maana nimeandika haya, ingawa yananitia haya. Naomba wewe uliyesoma mpaka hapa uniandikie. Kama kwenu nako barabara imepita, nielezeni mlifanyaje. Nani alisimama, nani aliandikwa, na mjane alisikilizwa vipi. Kama yupo aliyewahi kulipwa kwa ajili ya ming'oko, au kwa kitu chochote cha porini kilichomlisha, huyo hasa naomba aniandikie. Barua zipitie kwa hao waliowaletea maandishi haya, wanajua nilipo. Andikeni kwa herufi kubwa. Nitamsomea mama polepole, na atakachojibu nitakiandika kama atakavyokisema, bila kupunguza.